Theluji ya Bafta

Mshoni wa Malindi huvipaka rangi vitambaa vyake kabla ya kuvishona. Hukaa barazani, mkabala na duka la Kurban, akachora shina jeusi kwa brashi, kisha akalipuliza taratibu kama anayempozea mtoto uji. Gotini huwapo simu yenye picha ya msitu wa Ulaya wakati wa baridi. Wapita njia humwambia miti ya mfarishi wake, tandiko la pamba analolishona, imekufa, aitie japo majani. Naye huwajibu bila ya kuinua kichwa, "Ndivyo ilivyo huko."

Leo alivuka njia akataka bafta na pamba. Kurban, aliyezoea kuuza sanda, akasema Inna lillahi, akapima, akachana, akaongeza na kafuri.

"Nani tena, mama?"

"Hakuna maiti. Nnashona theluji."

Kurban akaona haya, akanyoosha mkono airudishe kafuri. Vidole vya mshoni, vyeusi kwa rangi, vikaifumbata.

"Iache. Mwanangu kazikwa ndani ya msitu ule wa kwenye picha. Habari zimenifika, yuko chini zamani. Sijui nani alimwosha, Kurban. Sijui kama alioshwa."

Akarudi barazani. Kurban akamtazama akitandaza pamba chini ya mti mkubwa wa mfarishi, akaipondea kafuri juu yake, akaifunika kwa bafta, akaanza kushona kutokea kichwani. Kurban akarudisha ubawa mmoja wa mlango wa duka, kama afanyavyo jeneza linapopita, akasimama kungoja. Njiani hapakupita kitu.