Taa Isiyo na Kitako

Tulipochimba shimo la choo kwenye parseli yetu, kiwanja cha nyumba hapa Kasongo, jembe lilitoa taa ya udongo, ndogo kama bakuli la mtoto, mdomo wake mweusi kwa moshi wa mawese. Ndugu zangu wakajaa uani. Sisi ni watu wa duka na msikiti, na hupenda kujiita waungwana kana kwamba kuna mtu ametuuliza. Nikatangaza kwamba ni taa ya babu yangu aliyekuja na misafara ya pembe. Ushahidi sikuwa nao, lakini sauti ninayo.

Kasoro ilikuwa moja: taa haina kitako. Ukiiweka chini, inalala ubavu.

Mwanamke mzee anayetufulia nguo, ambaye ukoo wake uliletwa hapa na ukoo wangu kama mali, aliiokota. Ikatulia kiganjani mwake.

"Bwana," akaniambia, "hii haikuwekwaka chini. Bibi yangu alikuwa anaishika mu mukono, wakubwa wanakula. Mafuta ikimuchoma, hapana kuachilia. Alikufa vidole vimekunjamana. Yule mugeni akikuja, umuambie aandike jina ya bibi yangu. Ni ile tu ninaomba."

Mgeni mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo, mtafiti wa vitu vya kale, tuliyemwita kutoka Kindu. Nikamjibu yule mama kwamba tutaona. Umri wake unatosha kunizaa, na bado ananiita Bwana. Sijawahi kumkataza, kwa sababu nalipenda jina hilo.

Mgeni alifika na pikipiki, matope hadi magotini. Akaigeuzageuza taa, akauliza iliwekwa vipi. Nikawahi kusema ilitundikwa.

"Kwa tundu gani?"

Nikasema penye matundu palivunjika. Ukingo ulikuwa mzima kabisa, hata kipofu angeupapasa akajua. Mgeni akamgeukia mama, ambaye alikuwa akianika shuka zetu.

"Na wewe, mama, hujui kitu?"

Alinitazama mimi kwanza. Nikamkazia macho vile baba yangu alivyokuwa akimkazia tangu mimi ni mtoto, na nilijua ninachofanya. Mikono yake ikabaki juu ya kamba ya nguo, haiendi wala hairudi.

"Vile Bwana amesema," akajibu, "ni vile."

Mgeni akaandika: taa ya kutundika. Nami, Mungu ananiona, nilifurahi.