Meno ya Fundi Pikipiki

Masikio ya fundi pikipiki yalipoziba kabisa, alikusanya zana zake akasema basi. Giaboksi ikilia, nani atamwambia?

Mkewe, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akaja juu. Akamwandikia kwa chaki: "Masikio yamekufa. Na meno je?" Akampa bisibisi.

Fundi akaung'ata mpini, ncha akaigusisha kwenye injini inayonguruma, akabadilisha gia moja moja. Ya tatu ikamgonga hadi fuvuni. Kuifungua, kweli, imekatika jino.

Miaka tisa sasa hajafungua injini bure. Na kila jioni mkewe humwekea kidevu utosini, akamsimulia mambo ya siku nzima. Fundi hufumba macho, akashukuru kila neno linalomfikia fuvuni, hata yale ya kumgombeza.