Siku Nilipovuka Ziwa na Godoro la Wageni

Najua mnanicheka nikipita, hata pale kwa kibanda cha mboga hapa mtaani Tena nasikia mtu akisema "godoro" halafu wote kimya wanaangalia sukuma wiki kama hawajawahi kuiona, kwa hivyo leo acha niandike mwenyewe, kwa mkono wangu huu ulioionja shule tu ukaiacha, kwa sababu aibu yako ukiisimulia mwenyewe angalau unaitia chumvi kwa kiasi chako.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, mzee wangu ameshastaafu reli, na mimi tayari ni nyanya wa watu, nimebaki na kitindamimba wangu Rispa ambaye hajaolewa. Rispa akapata kijana, Tobias, wa Buruburu. (Enzi hizo ukisema binti yako anaolewa Buruburu ulisema polepole, ili kila jirani asikie vizuri.) Kijana mwenye adabu, wa ofisini, ila alikuwa na ugonjwa mmoja aliouambukizwa na wakubwa wake wa kazi: kupiga kambi. Mtu ana nyumba ya mawe, ana kitanda, ana choo cha ndani, halafu Jumamosi anaenda kulala kwa hema porini kama mtu aliyefukuzwa na landilodi, na kufika huko hafiki kwa miguu kama Mkristo mwingine, lazima avuke maji kwa mtumbwi.

Sasa kabla ya mazungumzo ya mahari akatoa wazo: mama yake na mimi tukafahamiane huko Naivasha, tuvuke kipande cha ziwa kwa mitumbwi, tulale ng'ambo siku mbili. Mzee wangu alikataa pale pale. "Mimi nimelala nje reli ikinilipa," akasema, "siwezi kulala nje bure." Nikabaki mimi, na heshima ya nyumba yote ikanikalia kichwani, kwa sababu nilijua mama Tobias (mjane, alikuwa mpiga taipu wa serikali, hata kikohozi chake kilikuwa cha Kizungu) anataka kuona binti anatoka nyumba ya aina gani. Akituona sisi watu wa kuokota-okota, Rispa wangu ama ataachwa, ama ataolewa halafu adharauliwe mpaka azeeke.

Tobias akatuma ujumbe kupitia Rispa, maana sisi watu wa magharibi mkwe hazungumzi ovyo na mama mkwe, hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na kulala chini ya paa moja hata msinitajie. Ujumbe ulikuwa: kila mtu achague vile vitu vyake anavyovipenda zaidi, viingie kwa begi moja, mtumbwi ni mdogo.

Mambo ya begi nikayapuuza. Mimi kitu nilichokipenda zaidi duniani, baada ya Yesu na mzee wangu (na kuna siku mzee anashuka namba), kilikuwa godoro la sponji la wageni, jipya, nene, bado liko ndani ya nailoni yake, maana godoro ukilitoa nailoni nani atajua ulilinunua? Nikaona, nikilala kwa godoro kama hilo ndani ya hema, Buruburu wenyewe hawatasema ng'we. Nikalikunja, nikalifunga na kamba ya mkonge. Nikaongeza chupa ya chai yenye maua, vikombe vya kabati la vioo, na vitambaa vyangu nilivyofuma mwenyewe, vile vya kufunika makochi. Rispa akauliza, "Mathe, huko kambini kuna makochi?" Nikamwambia kitambaa hakihitaji kochi, kinahitaji mtu mwenye macho.

Tulipofika ziwani nikamkuta mama Tobias amebeba kibegi kidogo kama mtu anayetumwa sukari, na amevaa suruali. Suruali! Mwanamke mwenye wajukuu! Nikamhurumia kabisa. Nikajisemea, leo Buruburu imepatikana.

Tobias alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ameinamisha uso, akasema, "Rispa, mwambie mama hilo godoro lisafiri baadaye, nitarudi kulichukua."

"Rispa, mwambie Tobias godoro langu haliachwi na watu nisiowajua."

"Rispa, mwambie mama basi avae jaketi ya kuokolea."

Ile jaketi ya rangi ya chungwa, inafunika gauni langu la Pasaka lote! Nikaibana kwapani, nikasema nitavaa nikisikia baridi. Na yule kijana angefanya nini? Kunifunga kamba hawezi, kunigombeza hawezi.

Yeye akaingia mtumbwi mmoja na mama yake, mimi na Rispa mwingine. Sasa kiti cha ule mtumbwi kiko chini, magoti yanakuja kidevuni, na mbele yangu mama Tobias ameketi wima anapiga kasia kama amezaliwa huko. Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo. Niliketi juu ya godoro.

"Mathe, shuka, tutapinduka!"

"Nikae chini kama mtoto wa nasari, watu wananiangalia? Wewe piga maji twende."

Na haki ya Mungu tulienda vizuri. Nilikuwa juu, upepo unapepea kitambaa cha kichwa, naona ziwa lote, namuona mama Tobias huko chini, nikasikia raha mpaka nikaona raha hiyo haitoshi. Nikaona tuwape watu wa Buruburu chai hapa hapa majini, tena kwa vikombe vya kabati la vioo, wakasimulie huko kwao. Nikainama kuchukua chupa.

Sikumbuki kupinduka. Nakumbuka maji puani, na nikiibuka nimeshika kamba ya mkonge, na mwisho wa kamba godoro langu linaelea kama bata, maana nailoni ilikuwa nzima. Nikalipanda kifua kwanza. Rispa, na jaketi yake, ameshika mtumbwi uliolala tumbo juu, anapiga kelele. Vitambaa vyangu vimetandazwa juu ya maji, kimoja kimoja, vizuri kuliko nilivyowahi kuvitandaza nyumbani. Upepo ukaanza kunisukuma, gauni la Pasaka limenipanda mgongoni, petikoti yote nje, na wavuvi ukingoni wameacha nyavu zao. Mmoja akaita, "Shosho! Unahama na kitanda?" Mwingine akasema, "Rudi, huko ni kwa viboko, hao hawapangishi!"

Halafu nailoni ikapasuka. Mnajua sponji ikionja maji. Lile godoro lilikunywa ziwa kama ng'ombe wa kiangazi, likaanza kuzama upande wa miguu, na mimi nazama nalo.

Tobias akaja mbio na mtumbwi wao, akanyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza maishani akanisemesha moja kwa moja: "Mama, shika!"

Nikaangalia ule mkono. Mkono wa mkwe, hata mahari haijazungumzwa. Nikasema, "Rispa! Mwambie Tobias siwezi!"

"Mathe, shika mkono utakufa!"

"Nife na heshima yangu! Mwambie mama yake anivute!"

Mama Tobias akanipa mkono, lakini yule ni mwembamba kama ufito na mimi siyo, nilipovuta kidogo tu nusura nimlete nilipo. "Mama Rispa, utatumaliza!" akalia. Maji yamefika kifuani. Ndipo yule kijana akafanya jambo: akageuka, akanipa mgongo kabisa, akafumba macho, akanyoosha kasia nyuma yake. Nikalishika kwa mikono miwili. Akalishikilia hivyo hivyo, bila kuangalia, mama yake akapiga kasia lingine, wakanikokota mpaka kwenye mafunjo ya ng'ambo, mimi nyuma kama mashua iliyoharibika, na wavuvi wanapiga makofi. Kisha akarudi kumchukua Rispa.

Mnafikiri iliishia hapo? Nguo zangu zote zilikuwa ziwani. Mama Tobias akafungua kile kibegi cha sukari, akatoa sweta, na suruali nyingine. Nikaivaa. Haikupanda yote. Nikafunika iliyobaki na taulo, nikaingia hema, nikakaa humo nikisubiri kusikia wakimwambia Rispa afunge virago.

Jioni mama Tobias akaja na chai kwa kikombe cha bati, akaketi. Nikamwambia, "Sema tu. Binti hana makosa, makosa ni yangu."

Akasema, "Mama Rispa, mimi nimeona ofisini watu wakiacha adabu kwa sababu ya joto tu. Wewe umekataa kuiacha hata ukizama. Nyumba inayolea hivyo, mtoto wangu ataoa salama." Akanywa chai, mabega yanatikisika. "Lakini, dada, akija kwangu, asije na mizigo."

Tukacheka mpaka Tobias, aliyekuwa amejiweka mbali huko na moto wake, akamuuliza Rispa kama tunalia.

Walioana, wana watoto. Na mimi nimejifunza: nilipeleka vyombo vionwe, nikaonwa mimi. Mtu akikuambia beba kidogo, beba kidogo, hakutukani. Kuhusu ziwa, niliapa na kiapo kipo: mimi na maji tunakutana kwa karai, na nikimaliza nayamwaga nikiyaangalia mpaka yaishe.