Boksi Lililoandikwa Mayai

Mwalimu wetu wa baiolojia ana kabati la CD za filamu za masomo, na shule za jirani huziazima: moyo unavyopiga, mbu anavyokua, udongo unavyomomonyoka. Mimi ndiye mfungaji na msafirishaji. Cheo hicho nilipewa kama adhabu, baada ya mwalimu kunikuta mbele ya darasa nikiigiza anavyotembea. Sikulalamika. Wenzangu wakifyeka nyasi juani, mimi niko ofisini nafunga boksi.

Shida ilikuwa bodaboda. Niliandika FILAMU, BEBA KWA UANGALIFU, na CD ikafika shule ya Sigino vipande viwili. Dereva alijieleza kwa upole: "Mwalimu, niliikalia isipeperuke."

Mwalimu hakugomba. Alisema ikivunjika nyingine anafunga kabati, na mimi narudi kwenye fyekeo.

Nikawaza kuliko nilivyowahi kuwaza kwenye hesabu. Nikakumbuka mama akinituma mayai, watu wote njiani hunipisha. Basi boksi lililofuata nikaliandika MAYAI.

Dereva yuleyule alilipokea kwa mikono miwili. "Ya kienyeji haya, dogo?"

"Kabisa."

Akaazima kanga ya mama muuza vitumbua, akalibeba mgongoni kama mtoto. Kwenye tuta la kwanza alishuka akakokota pikipiki. Nikajiona mtaalamu.

Saa sita Sigino wakapiga simu: watoto wamekaa, deki imewashwa, filamu haijaonekana. Dereva naye akapigiwa.

"Nimekabidhi jikoni," akasema. "Mayai niyapeleke darasani yakasome?"

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama picha ya figo ukutani.

Mpishi wa kule alikuwa amelificha boksi nyuma ya gunia la mahindi, walimu wasiyamalize mayai. Maji ya kuyachemshia yalikuwa tayari motoni. Filamu ikaonyeshwa, na mwalimu wangu akatoa amri kwa simu, sote tukisikia, hata mpishi kule: kuanzia leo boksi liandikwe kilichomo.

Mpishi ni mtu mtiifu. Siku ya kurudisha alifuta MAYAI, akaandika FILAMU kwa mkaa. Ila alikuwa amenionea huruma kwa amri ile, akazipanga CD katikati ya mayai sita ya shukrani.

Dereva akasoma FILAMU. Akakalia.

Mwalimu alilifungua mbele yangu. Alitoa CD moja moja, zinatiririka ute, akazisuuza kwenye beseni la maabara, akazijaribu. Mbu akaruka. Udongo ukamomonyoka. Ya moyo ilikwama kidogo, nami nikaanza kuliona fyekeo, kisha moyo ukapiga. Mayai yote sita yalikuwa yamekufa, CD zote nzima.

"Kabati halifungwi," akasema. "Boksi la kesho la shule ya Nakwa utaliandika nini?"

"Mayai, mwalimu. Na ndani tuweke mayai."

Akageukia dirisha, mabega yakimtikisika, akanyoosha mkono nyuma kunipa kitambaa nikaushe. Ya moyo bado inanuka kidogo deki ikipata moto.