Mwamvua Asikule Hii Flan

Mwanamuke ambaye Fabiola hakuwahi kumuona alichukua sahani ya flan, ile tamutamu ya maziwa na mayai, akaiangalia, hakuonja.

Kisha akamuambia, mbele ya wageni wote, maneno yaliyoandikwa nyuma ya karatasi ambayo Fabiola aliificha chini ya godoro lake.

Maneno yenyewe ni mawili: Mwamvua asikule.

Fabiola ni jirani yangu hapa Muhumba, Bukavu. Amenipa ruhusa niandike yote, hata yale yanayomuaibisha. Sikuongeza chumvi.

Fabiola alikuwa anauza mandazi. Shida ni kwamba kwenye avenue yetu kila mulango wa pili unauza mandazi. Asubuhi wamama saba wamejipanga na mabeseni, na wanafunzi wa kununua ni wale wale.

Mwaka jana akanunua kabati la zamani kule Kadutu, kwa bwana mumoja anaitwa Théodore aliyekuwa anahama nyumba. Alipochomoa droo ili aisafishe, akakuta nyuma yake boksi ya biskuti, ile ya bati, imeshika kutu.

Ndani kulikuwa fiche arobaini na moja, vile vikaratasi vigumu vya kuandikia, zimefungwa kwa kamba.

Fiche za mapishi. Lakini si za sombe wala za samaki. Zote ni vitu vitamu vya kumalizia chakula: flan ya marakuja, lile tunda la pasheni, pudding ya mukate uliolala, keki ya ndizi na karanga, crème ya limau. Wino wa bluu, mwandiko wa mutu aliyefundishwa na masista, Kifaransa na Kiswahili vikisukumana ndani ya mustari mumoja. Nyingine zina mwaka: 1968, 1970, 1971. Jina la mwenyewe hakuna.

Akajaribu pudding kwanza. Guy, mume wake, ni mwalimu, mutu wa maneno mengi. Alikula sahani tatu bila kusema kitu.

Hapo Fabiola akajua amepata.

Akapiga picha, akaweka kwa status ya WhatsApp. Na hapo hapo ndipo alijiharibia. Chini ya picha akaandika: "Desserts za Koko Wangu. Siri ya familia."

Koko wake, yaani nyanya yake, Mungu amurehemu, alikuwa mulimaji wa muchele kule Kamanyola. Alizikwa bila kuona flan hata siku moja.

Commande, oda za watu, zikaanza kuingia. Ndoa, ubatizo, komunio. Watu wakauliza koko alijifunza wapi, Fabiola akajibu kwa mapadri. Wakauliza kama aliacha maandishi, akajibu hapana, yote iko mu kichwa, koko alimufundisha kwa mudomo. Kila jibu lilikuwa kamba nyingine anajifunga nayo mwenyewe.

Raha ikamutoka.

Mutu akipiga hodi, anaruka. Muzee akimuangalia kidogo sokoni, anabadilisha njia. Akawa anahamisha ile boksi: leo juu ya kabati, kesho nyuma ya magunia ya makala ya kupikia, mwisho akailaza chini ya godoro na kulala juu yake kama kuku.

Na kulikuwa ile fiche ya flan.

Nyuma yake, kwa mwandiko ule ule wa upole, maneno yale mawili. Yamepigwa mustari chini mara mbili.

Mwamvua ni nani? Na kwa nini asikule? Fabiola akawaza sumu. Akawaza mwanamuke aliyenyang'anya mwingine mume. Akawaza watoto wa watu aliokwisha kuwalisha. Guy akamuambia aichome basi, wapate amani mu nyumba.

Akaipeleka kwenye babula, lile jiko la makala. Makala yalikuwa mekundu. Kona moja ikaanza kugeuka kahawia, akaivuta haraka akaizima kwa vidole.

Tusidanganyane: hakuiokoa kwa huruma. Flan ndiyo ilikuwa inauza.

Ikafika dimanche, jumapili moja ya mwezi wa tano. Maman Bijou, mama mwenye heshima zake kwenye parokia, alikuwa anafanya sikukuu ya komunio ya binti yake Merveille. Hema uani, viti vya kukodi, sahani arobaini za flan. Fabiola anagawa, jasho linamutoka, maana kila mugeni anamusifu koko.

Ndipo akafika kwa mama mumoja wa miaka sitini na kitu, amejifunika mutandio, rafiki wa maman Bijou kutoka Uvira.

"Maman, ni nani alikufundisha hii?"

"Ni koko yangu."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Fabiola akataja jina la koko wake wa Kamanyola. Yule mama akatikisa kichwa polepole.

"Hizi mbegu za marakuja zenye wamechoma na sukari juu, mutu mumoja tu alikuwa anazifanya mu hii Bukavu. Maman Eulalie. Na nyuma ya fiche yake aliandika: Mwamvua asikule."

Akaweka sahani chini.

"Mwamvua ni mimi."

Watu wa karibu waliacha kutafuna.

Mama Mwamvua akaeleza bila kupandisha sauti. Mwaka 1971 alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa hapa, na mupishi mumoja, maman Eulalie, alikuwa jirani yao. Alipikia wageni kwenye nyumba kubwa za kando ya ziwa, na hakuwa na mutoto. Kila samedi, yaani jumamosi, Mwamvua alishinda mu jikoni yake, analamba vijiko. Siku moja fiche ilikuwa juu ya meza, imepinduka. Mutoto alikuwa ndio anajua kusoma. Akaona jina lake.

Aliweka kijiko, akatoka, hakurudi tena. Maman Eulalie akimuita kwa njia, yeye anakimbia. Mwaka uliofuata baba akahamisha duka, wakarudi Uvira.

"Mpaka leo najiuliza nilimukosea nini," akasema.

Fabiola alikuwa amesimama na kijiko mukononi. Maman Bijou amekunja mikono, anamuangalia. Wateja wake wote, kwa kusema kweli, walikuwa chini ya lile hema. Akinyamaza, yule mama atapanda gari ya Uvira na mwiba wake, na hakuna atakayejua kitu. Akileta boksi, jina lake limekufa.

Aliwaza kunyamaza. Ameniambia mwenyewe. Aliwaza vizuri kabisa.

Kisha akavua aproni, akakimbia mpaka kwake, avenue mbili. Akarudi na boksi kifuani.

"Si za koko yangu," akasema. "Nilizikuta mu kabati ya kununua. Nilidanganya watu wote."

Mutu fulani akafyonza. Mama Mwamvua hakusikia, alikuwa anafungua kamba.

Akaikuta fiche ya flan, ile yenye kona iliyoungua. Akaigeuza, akasoma maneno yale mawili, akaendelea kuishika. Kidole gumba chake kikawa kinapapasa ukingo wake.

"Hii iko mbili," akasema.

Ni kweli. Sukari ya zamani ilizigandisha. Miezi yote ile Fabiola alifikiri ni karatasi nene tu. Mama Mwamvua akapitisha ukucha katikati, zikaachana.

Ya pili ilikuwa na kichwa chake: Flan ya Mwamvua.

Chini yake: "Bila rhum. Ile ingine iko na rhum, na niliahidi mama yake kwamba mutoto hatagusa pombe kwangu, hata ya kijiko. Kumuongezea marakuja."

Rhum ilikuwa imeandikwa wazi kwenye fiche ya kwanza. Fabiola aliiruka tu, maana rhum ni bei na wateja wake ni watoto.

Lakini ile ya pili ilikuwa haijaisha. Chini ya mapishi kulikuwa orodha, kwa kalamu tofauti tofauti.

Samedi 8 mai, nilitengeneza, hakuja.

Samedi 15 mai, hakuja.

Samedi 22, hakuja.

Samedi kumi na nne. Mpaka karatasi ikaisha.

Mama Mwamvua hakulia. Aliomba maji, akasoma tena kwa kidole, mustari kwa mustari.

"Alikuwa ananingojea," akasema. "Na mimi nilikuwa namukimbia."

Aliondoka na ile fiche ya pili. Fabiola mwenyewe alimufungia kwenye plastiki isilowe.

Maman Bijou alimuambia Fabiola kwa adabu kwamba safari ingine atatafuta mutu mwingine. Fabiola akaweka ukweli kwa status ile ile: fiche ni za maman Eulalie, jirani wa zamani wa Muhumba. Akatukanwa wiki mbili. Commande zikakauka, kisha zikaanza kurudi moja moja. Zingine hazijarudi mpaka leo. Ila mutu akipiga hodi, siku hizi anafungua.

Akamutafuta Théodore pia. Huyu ni mujukuu wa dada ya maman Eulalie. Akaeleza kwamba koko huyo amezikwa kwao Luhwindja, na kwamba alifariki mwaka 2003, akili timamu, bado anapika, bado anakaa Muhumba.

Fabiola akampigia mama Mwamvua amupe habari. Mama Mwamvua akaanza kuhesabu miaka.

Maana kabla ya 2003 mama Mwamvua alikuwa anapandisha samaki wa kuuza kutoka Uvira mpaka Bukavu kila mwezi. Alikuwa analala kwa shangazi yake, hapa hapa Muhumba, avenue ya nyuma ya kwa maman Eulalie. Miaka kumi na mbili.

Nilipomuomba ruhusa ya kutaja jina lake, alinituma neno moja kwenu, nami nalileta jinsi alivyolisema:

"Waambie wasisome maneno mawili wakakimbia. Mutu akikuchoma, piga hodi umuulize. Mimi nilikuwa napita kwa mulango wake na miguu yangu."