Mtoto Asiyetumwa Dukani

Mtaani kwetu Nguvumali mtoto hahesabiki kuwa amekua mpaka atumwe dukani. Si lazima atumwe na mzazi wake. Mtu mzima yeyote aliyeketi barazani anaweza kumwita mtoto apitaye na kumwambia amletee kibiriti, na mtoto akienda na kurudi, sifa yake inapanda. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka minane na hakuna aliyekuwa anamtuma. Mdogo wake wa miaka mitano alikuwa anatumwa.

Si kwamba hawakujaribu. Jirani yetu wa mbele, mama mkaanga vitumbua, aliwahi kumtuma unga wa mchele. Binti alirejea baada ya saa nzima, hana unga, kakumbatia mtoto wa paka. Tangu siku hiyo kila akijipitisha pale barazani, akitembea polepole kama mtu asiye na shughuli, jirani humwambia, "Wewe kacheze, mama. Niitie mdogo wako." Huyasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Jioni moja binti akaniuliza, "Baba, mimi nitatumwa lini?"

Wakati huo tulikuwa tumeshampeleka kliniki ya watoto kule Raskazone, tukapewa jina refu la kitaalamu ambalo, kwa nilivyolielewa, lina maana kwamba akili yake ina kila kitu isipokuwa breki. Mtaalamu wa mazoezi, msichana ambaye ningeweza kumzaa, alitupa michezo ya kufanya nyumbani dakika kumi na tano kila siku: wa kukumbuka vitu, wa kusimama ghafla, wa kungoja zamu.

"Haimponyi," alisema. "Inamzoesha. Na msimfokee."

Mke wangu ni muuguzi na zamu zake hazitabiriki, kwa hiyo kazi iliniangukia mimi, mwandishi wa makala, yaani mtu ambaye kwa macho ya mtaa hana kazi. Niliipokea kisomi. Nilichora ratiba ya rangi nne nikaibandika ukutani. Siku ya tatu ratiba ilikuwa na picha ya pweza aliyevaa kofia. Siku ya nne nilisahau kabisa kwamba kuna mazoezi, na aliyenikumbusha ni mwenye tatizo la kusahau.

Aliyetuokoa ni mama yangu, tunayeishi naye. Alitandika mkeka, akapanga upawa, ndimu, kibiriti na kitana, akavifunika kwa kanga.

"Haya, mke mwenzangu, fumba macho." Akachomoa kimoja, akafunua. "Kimetoka nini?"

"Ndimu!"

"Na wewe, msomi?"

Nikasema kitana. Kitana kilikuwa mbele ya goti langu.

"Mtoto huyu mnamsingizia," mama akasema. "Kachukua kwa baba yake. Nilikutuma chumvi ukiwa darasa la tatu, mpaka leo naingoja."

Mchezo wa kusimama ulikuwa mgumu zaidi. Mama akipiga kofi moja tunatembea, akipiga mawili tunaganda kama tulivyo mpaka apige tena. Siku moja mzee wa msikitini aliingia kutualika shughuli akanikuta nimeganda kwa mguu mmoja, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akautazama ule mguu. "Kuna heri humu?"

Nikataka kuushusha. "Baba!" binti akanong'ona kwa ukali, naye kaganda vilevile. "Bibi hajapiga!" Mama alikuwa anamkaribisha mgeni kwa utulivu, anamuulizia wajukuu mmoja mmoja, mikono kaificha chini ya kanga. Nilihudhuria mazungumzo yote kwa mguu mmoja.

Baada ya miezi kadhaa vitu vya mkekani vilifika tisa, na mtaalamu akatuambia sasa tutoke kwenye mkeka. Kwetu hilo lilikuwa na maana moja tu. Mama akamwita binti akamtajia: sukari nusu kilo, ndimu tatu, kibiriti, sabuni ya kipande. Nikachomoa kalamu.

"Karatasi ya nini?" binti akauliza. "Wengine hawaandikiwi." Akakunja vidole vinne, kila kitu na kidole chake, kama alivyofundishwa kliniki, akaondoka.

Nikamfuata kwa siri. Mpango ulikuwa nijibanze penye kona na kumlinda kwa macho. Pale konani nikakutana na rafiki niliyesoma naye, ametoka Muheza na gunia la machungwa. Akaniuliza hali, nami nikamuuliza hali, tukaulizana mpaka hali za wakwe, akanimenyea chungwa. Nilikuwa kwenye la pili niliposikia sauti nyuma yangu.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Nakula chungwa."

"Bibi kakutuma?"

"Hapana."

"Basi twende nyumbani."

Barazani mama akafungua mfuko, akatoa kimoja kimoja. Sukari. Ndimu, moja, mbili, tatu. Kibiriti. Sabuni. Hakukukosekana kitu. Binti alisimama wima, mdomo kaubana asicheke mapema. Kisha mama akatazama chini.

"Na ndala?"

Binti naye akatazama chini. Miguu ilikuwa mitupu. Muuza duka alikuwa amepiga deki, binti akavua viatu kwa adabu ili asimchafulie, akaviacha palepale mlangoni. Uso ukaanza kumporomoka.

Ng'ambo ya njia jirani alikuwa ameona yote. Akacheka hadi akaegemea ukuta, mama akafuata, nami nikashindwa kujizuia, na mwishowe binti mwenyewe akacheka, akivisugua vidole vya miguu kwenye vumbi.

"Sasa wewe," jirani akaita, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ukizifuata hizo ndala, nipitie hamira na nazi mbili. Nimesema nini?"

Binti aliacha kucheka. Akakunja kidole, akakunja cha pili.

"Hamira. Nazi mbili."

"Haya, mama. Nenda."

Alitembea kwa adabu mpaka kwenye kona, halafu tukasikia miguu ikitimua mbio. Nikainuka. Mama akanishika shati.

"Keti."

Nikaketi. Jirani akageuza vitumbua vyake, akapunguza moto, akasema bila kumtazama yeyote, "Hata akichelewa, nitamngoja yeye."