Nzi wa Kibirizi

Zamani nilikuwa na macho makali. Pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, tukianika dagaa, kokoto iliyojificha katikati yao niliiona nikiwa nimesimama.

Kisha nzi wakazidi upande wangu. Wadogo, weusi, kushoto tu. Nikawapunga kwa kanga.

"Mama Riziki, unapigana na nani?" akauliza Mwajuma wa Ujiji, tunayeanika naye.

"Na nzi hawa."

"Nzi gani? Labda umetoka nao kwenu Mwandiga!"

Tukacheka sote. Baadaye nikaona radi pembeni mwa jicho, mchana mweupe. Nikadhani mvua inanyesha ng'ambo, Kongo. Halafu giza likapanda kutoka chini, kama maji yanavyojaa kwenye mtumbwi uliotoboka. Halikuuma. Nikatia matone ya dukani wiki tano.

"Retina imebanduka," daktari aliniambia nilipofika hospitali. "Ni utando ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Wako umeshakunjamana na kukakamaa. Hautandiki tena."

"Mbona halikuuma?"

"Haliumi, mama. Ndiyo maana mnachelewa."

Mwaka uliofuata nzi walikuja kulia, kwenye jicho lililobaki. Sikuwapunga. Nilimshika Mwajuma mkono.

"Niambie kweli. Kuna nzi hapa?"

Akatazama dagaa, akanitazama mimi. Hakucheka.

"Hakuna hata mmoja."

Aliacha dagaa wake mchangani, akanipakia bodaboda hadi hospitali. Kesho yake nilikuwa kwenye basi la Dar es Salaam na mdogo wangu Eliza.

Huko madaktari walinichoma ganzi kando ya jicho, lakini sikulala. Wakatoboa matundu matatu kwenye weupe. Nikaona vivuli vya vyuma vikitembea ndani yangu. Wakanyonya ute wa ndani ya jicho, wakautandaza utando, wakauchoma kwa leza kuzunguka palipochanika, kisha wakajaza gesi iukandamize.

"Lala kifudifudi," daktari akasema. "Gesi hupanda juu. Ukilala chali, utando utaachwa bila kitu cha kuushikilia."

Siku kumi. Uso ulivimba, mate yalidondoka, shingo iliuma hadi nikatapika. Niliona ukungu tu. Nilijua kwamba ukungu ule usipoondoka, sitaona tena uso wa mtu. Eliza akalala sakafuni, uso wake chini ya wangu.

"Dada, nipo hapa. Pua yako imekuwa kiazi."

Nikacheka nikilia. Machozi yangu yakamwangukia, wala hakuyafuta.

Gesi iliisha polepole. Mwanga ulianzia juu, ukashuka.

Leo nina jicho moja, na mlango ulionyooka nauona kama umepinda. Kokoto zinanipita. Namshukuru Mungu, daktari na Eliza. Nanyi mnaonisikiliza, jicho lisilouma msiliamini. Mkiona nzi, muulizeni aliye karibu, siku hiyohiyo.

Mimi huuliza kila asubuhi, kabla sijamwaga dagaa.

"Mwajuma, nzi wapo?"

"Wapo, tena wamenona."

Hapo ndipo ninapoinua kanga.